UZI: Wauguzi 13 walioangukia Albania mwaka 1943, na hesabu iliyokataa kutimia

Sista Mstaafu

Wanajamvi, habari za jioni. Wadogo zangu wote wa shikamoo, marahaba mapema.

Wiki jana kijana mmoja aliandika humu kwamba manesi hawapendani, kazi yao kusengenyana kwenye chumba cha chai. Nilisoma nikacheka peke yangu. Nimevaa gauni jeupe miaka thelathini na mbili, na kusengenyana tumesengenyana, tena kwa ustadi. Lakini yule niliyemteta saa nne asubuhi ndiye huyohuyo niliyemwachia funguo za nyumba na watoto wawili nilipokwenda kujifungua wa tatu. Nikasema ngoja nimjibu kwa kisa, maana kubishana nimechoka.

Kisa ni cha wauguzi 13 wa jeshi la Marekani waliopotelea Albania kwenye Vita Kuu ya Pili. Ni kirefu, chukueni chai.

Kwanza tuelewane muuguzi wa ndege alikuwa mtu gani. Wamarekani walitumia ndege ya mizigo, C-47, ambayo Waingereza waliiita Dakota. Inaingia uwanja wa mbele imebeba mafuta, risasi na askari. Ikishashusha, machela zinafungwa ukutani moja juu ya nyingine, wagonjwa 18 mpaka 24, ndege inageuka na kuondoka. Ndani kuna muuguzi mmoja na sajini mmoja wa kumsaidia. Daktari hakuna. Na kwa kuwa ndege hiyohiyo asubuhi ilibeba risasi, hairuhusiwi kuchorwa msalaba mwekundu. Adui akiiona, ni halali yake.

Shule yao ilikuwa Bowman Field, Louisville, jimbo la Kentucky. Darasa la kwanza, wauguzi 39, lilihitimu tarehe 18 Februari 1943. Siku ya sherehe ndiyo ikagundulika kwamba hakuna aliyekumbuka kuwatengenezea beji. Jenerali David Grant, mkuu wa madaktari wa jeshi la anga, akachomoa mabawa yake mwenyewe kifuani akambandika Geraldine Dishroon, aliyeongoza darasa. Mimi hilo linanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mnaandaa watu kwenda kufa angani, mnasahau kibati!

Kazi yenyewe si ya wodini. Juu kule hewa nyepesi, gesi iliyomo mwilini inatanuka. Aliyepigwa risasi ya tumbo anavimba na maumivu yanazidi. Aliyetobolewa kifua anaishiwa pumzi. Mguu uliofungwa plasta unaanza kubana. Muuguzi lazima ajue nani alale chini, nani akae karibu na mlango, rubani ashuke futi ngapi kwa ajili ya nani.

Mimi nimesindikiza mgonjwa kwa ndege mara moja tu maishani, ndege ndogo, rufaa ya mama mwenye kifafa cha mimba. Stethoskopu niliivaa shingoni kama pambo. Injini inanguruma, husikii kitu, moyo wa mgonjwa wala wako. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo kwa vidole, midomo inatembea kama mtu anayesali. Rubani aliniuliza baadaye nilikuwa naomba dua gani. Nikamwambia, nilikuwa nahesabu mpaka sitini.

Sasa hao walifanya hivyo kila siku, na chini wapo watu wenye mizinga. Mpaka vita vinakwisha, wauguzi wa ndege wa jeshi hilo walikuwa kama 500, na 17 kati yao walikufa. Wagonjwa waliosafirishwa kwa ndege walizidi milioni moja. Waliofia hewani ni 46. Rudia kusoma hiyo namba.

Naenda kuipua sufuria. Narudi na Albania.

Kinyozi wa Kona

Shikamoo mama. Nimeweka kambi. Ila umekatisha pabaya kama mwandishi wa tamthilia.

Mjukuu wa Burma

Shikamoo sista. Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, Burma 1944, bonde la Kabaw. Mvua, malaria, tope mpaka kiunoni. Kauli yake ilikuwa moja: aliyepata ndege alizaliwa mara ya pili, aliyepata nyumbu alikuwa anasubiri zamu yake. Sikuwahi kumuuliza ndani ya hiyo ndege kulikuwa na nani. Endelea tafadhali.

Sista Mstaafu

Marahaba wanangu. Mjukuu wa Burma, kauli ya babu yako inatosha kuwa uzi peke yake.

Haya. Tarehe 8 Novemba 1943, Catania, kisiwani Sicily. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kwa siku kadhaa, ndege haziruki, na majeruhi wanajazana Bari, upande wa pili wa Italia. Anga ilipoonekana kutulia, wauguzi 13 wa Kikosi cha 807 wakapakiwa ndege moja na wasaidizi wanaume 13 na wafanyakazi wanne wa ndege yenyewe. Jumla watu 30. Wagonjwa hawakuwemo, ndiyo kwanza walikuwa wanakwenda kuwachukua. Safari fupi, kama mtu anavyotoka Dar kwenda Dodoma.

Dhoruba ikawakuta njiani, wakapotea. Wakazunguka, wakazunguka. Mwisho wakaona uwanja wa ndege, wakashukuru Mungu, wakaanza kushuka. Kumbe ndege zilizoegeshwa pale zina alama za Wajerumani! Wakapigwa risasi, wakapanda tena, ndege za kivita zikawafuata, wakajichimbia mawinguni. Rubani, Charles Thrasher, aliona kiwanja karibu na ziwa, akaitua humo. Tope likaidaka, pua ikazama ardhini. Wote 30 wakatoka hai. Aliyeumia zaidi ni fundi wa ndege, goti.

Wakatokea wanaume wenye bunduki kutoka vichakani. Mmoja, Hasan Gina, alijua Kiingereza. Ndiye aliyewaambia wako wapi. Albania, nchi iliyokaliwa na Wajerumani.

Wapiganaji hao wakawapeleka mji wa Berat. Sasa hapa kuna jambo la kuchekesha ambalo halikuchekesha kwa muda mrefu: watu wa Berat waliwapokea kwa shangwe, wakidhani hao ndio kichwa cha jeshi kubwa la Marekani linalokuja kuwakomboa. Jeshi lenyewe ni wasichana 13, goti bovu, na bastola za kuhesabika. Wakagawanywa kwenye nyumba za watu, wawili hapa, watatu pale, kama wageni wa harusi.

Tarehe 15 Novemba alfajiri, mizinga. Wajerumani wanaingia mjini. Kila mtu akakimbia kutoka nyumba aliyolala, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, mlimani, huku risasi zinalima barabara. Walipokusanyika tena huko juu, wakahesabiana.

Wauguzi walikuwa kumi.

Wilma Lytle, Ava Maness na Helen Porter hawakuwepo. Nyumba waliyolala ilikuwa upande mwingine wa mji. Kurudi haiwezekani.

Nimesimama hapa kwa makusudi. Ninyi mliowahi kukabidhiana zamu mnajua. Zamu ya usiku inaisha, unapita kitanda kwa kitanda na anayekupokea, namba moja yupo, namba mbili yupo. Kitanda kikiwa kitupu lazima kiwe na maelezo: karuhusiwa, kahamishwa, kafariki. Kitanda kitupu kisicho na maelezo hakikupi usingizi. Nilipoteza mgonjwa hivyo mwaka wangu wa pili kazini, mzee mmoja alitoka kwenda msalani hakurudi, tukamkuta saa sita mchana amelala chini ya mwembe nyuma ya jiko, mzima kabisa, anasema wodini joto. Saa sita hizo tu nilikonda.

Hawa wenzetu waliibeba hesabu hiyo miezi minne.

Dr Mbishi

Sista, kisa kizuri, heshima kwako. Ila mimi bado sioni urafiki hapo. Naona nidhamu ya jeshi. Ukiwekwa kikosi kimoja na mtu, ukaambiwa tembea, unatembea naye. Hata waliofungwa jela pamoja hutembea pamoja. Tusiite kila kitu mapenzi.

mama_wawili

Daktari ushaanza, uzi haujafika hata nusu 😂 Shikamoo mama, usimjali huyu, endelea.

Sista Mstaafu

Mama_wawili marahaba. Na Dr Mbishi nakujali sana, swali lako nitalirudia, ni zuri kuliko unavyodhani.

Kuanzia hapo ni milima. Na Albania wakati ule kulikuwa na vita ndani ya vita: wapiganaji wa kikomunisti upande mmoja, Balli Kombëtar, wazalendo waliopinga ukomunisti, upande mwingine, wanawindana wao kwa wao huku Mjerumani anawawinda wote. Kwa hiyo kila kijiji swali ni hilohilo: hawa wageni mmeletewa na nani? Mwenye nyumba akiwapokea, jeshi la Wajerumani likijua, nyumba inachomwa. Na walipokewa. Watu wasio na kitu waliwakatia mkate wa mahindi, mgumu, wakawapa kona ya sakafu karibu na moto. Nyumba hazina dohani, moshi unazunguka humohumo, asubuhi macho mekundu kama wapishi wa msibani.

Walikatiza milima ya Tomorr, kilele chake kinapita mita 2,400, kwenye dhoruba ya theluji. Viatu vikaachia nyayo. Wakaugua: kuhara, manjano, nimonia. Dawa karibu hakuna. Chawa wakawa wa kila mtu. Wadogo zangu mtaona hilo dogo. Si dogo. Mwanamke aliyefundishwa kwamba usafi ndiyo kazi yake, kola nyeupe, kucha fupi, akae wiki sita na chawa kwenye nguo za ndani, na mtu pekee anayeweza kumwomba amtazame kisogoni ni yule aliyegombana naye Bowman Field kwa sababu ya sabuni. (Ya sabuni nimeongeza mimi. Lakini mliowahi kukaa hosteli za wauguzi mnajua kwamba ipo sabuni mahali.)

Mwishoni mwa Novemba wakafikiwa na Waingereza waliokuwa wakifanya kazi za siri huko milimani. Luteni Gavan Duffy ndiye aliyepewa kuwafikisha pwani. Kutoka hapo ni redio, kusubiri, kutembea usiku, kurudi nyuma kwa sababu daraja lina Wajerumani.

Sasa tarehe 29 Desemba. Hii ndiyo sehemu inayonikaa kifuani.

Ilipangwa ndege zije kuwachukua kwenye kiwanja kilichoachwa karibu na Gjirokastër. Walikuwa wamejificha mlimani juu yake. Kazi yao ni kutandaza alama chini, rubani akiiona anatua. Lakini siku hizo Wajerumani walikuwa wameingia mji huo, na magari yao ya kivita yako barabarani kando ya kiwanja. Duffy akakataza alama isitandazwe. Na ndege zikaja kweli. Ndege kubwa za kubebea watu, na ndege za kivita P-38 za kuzilinda, nyingi, zikapita chini kabisa, zikizunguka, zikitafuta. Hawa wako juu ya mlima wanazitazama. Wanaona mpaka alama za Marekani kwenye mabawa. Hakuna aliyekimbia kwenda kupunga mkono.

Zikaondoka.

Nikifika hapo huwa nafikiria yule muuguzi wa kwanza aliyegeuka kumtazama mwenzake. Alimwambia nini? Mimi nadhani alisema maneno ya kipuuzi. "Funga kamba ya kiatu." Ndivyo tunavyosema sisi. Mgonjwa akifariki mikononi mwako, mwenzako hakuambii pole saa ileile. Anakuambia kuna chai imebaki kwenye chupa.

Wakatembea tena. Tarehe 9 Januari 1944 boti ikawafikisha Bari, kulekule walikokuwa wanakwenda tarehe 8 Novemba. Siku 62 kwa safari fupi. Wauguzi kumi.

Kinyozi wa Kona

Mama na wale watatu??? Wateja wawili wamekaa hapa nimewaacha na povu kichwani.

Mtoto wa Likoni

Shikamoo bibie. Nami niongeze la kwetu, lisisahaulike. Wauguzi wa vita hawakuwa wa ndege pekee. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kwenda Colombo. Ndani mlikuwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki karibu elfu moja, na wauguzi zaidi ya hamsini na matroni wao, na akina mama wengine wa jeshi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Waliokufa ni 1,297. Wanawake waliopona ni sita tu. Sita! Hapa kwetu ukiuliza vijana hiyo meli, hawaijui.

Sista Mstaafu

Marahaba Mtoto wa Likoni. Umenikumbusha jambo zito, na askari wale wengi ni wa kwetu. Ungeufungulia uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza kuusoma.

Kinyozi osha vichwa vya watu kwanza.

Wale watatu walikuwa Berat muda wote. Mji umejaa Wajerumani, wao wamefichwa na wenyeji, chini kwenye chumba cha ardhini. Hawajui wenzao wako hai. Wenzao hawajui wao wako hai, mpaka habari zilipoanza kupenya. Watu watatu, chumba kimoja, wiki baada ya wiki, baridi, sauti chini. Mliowahi kukaa karantini na mtu mmoja siku kumi na nne mnajua jinsi namna yake ya kutafuna inavyoweza kukutoa roho.

Kuwatoa kukachukua hesabu nyingine. Mmarekani wa idara ya ujasusi, Lloyd Smith, aliyekuwa amesaidia wale kumi kupanda boti, akarudi kwa ajili ya hawa. Safari hii waliotumika ni Balli Kombëtar. Wauguzi wakavikwa nguo za kiraia kama wanawake wa Albania, wakapewa vitambulisho vya bandia, wakapakiwa gari wakapita vizuizi vya Wajerumani mchana kweupe. Baadaye miguu na mlima kama wenzao. Tarehe 21 Machi 1944 wakafika Italia.

Kumi na tatu.

Dr Mbishi, sasa zamu yako. Unasema nidhamu ya jeshi. Nakubali, nidhamu ndiyo iliyowafikisha baharini. Bila Duffy na ukali wake wangekufa. Lakini kilichofuata hakina uhusiano na jeshi.

Waliporudi waliamriwa wasiseme. Wasitaje vijiji, wasitaje majina, wasieleze njia waliyopita, kwa sababu bado kulikuwa na watu kule wa kuokolewa, na wenyeji waliowasaidia wangeuawa. Sawa, vita. Vita vikaisha 1945. Lakini Albania ikaingia mikononi mwa Enver Hoxha, kiongozi wa wakomunisti, na kwake mtu aliyewahi kumsaidia Mmarekani alikuwa msaliti. Mwalimu mmoja wa Berat, Kostaq Stefa, aliyewaongoza baada ya kukimbia mji huo, alikamatwa na kuuawa na serikali hiyo baada ya vita. Hoxha alitawala mpaka alipokufa mwaka 1985. Kwa hiyo kumtaja mtu aliyekupa mkate mwaka 1943 ilikuwa bado ni hatari miaka arobaini baadaye.

Hebu fikiri maana yake. Unaolewa. Mume anakuuliza kwa nini huwezi kula mkate wa mahindi. Mtoto anauliza mama ulifanya nini vitani. Jibu la kweli linaweza kumwua mtu mlimani ambaye sasa pengine ana wajukuu. Unanyamaza. Duniani kuna watu wasiozidi thelathini ambao mbele yao huhitaji kunyamaza, na kati yao kumi na wawili wanajua hata yale ambayo wanaume hawakuyajua: hedhi kwenye theluji, kujisaidia nyuma ya jiwe wenzako tisa wamekupa mgongo, kulia bila sauti.

Huo ndio ninaouita urafiki. Sizungumzii kukumbatiana. Nazungumzia mtu ambaye kwake kisa chako kizima kimehifadhiwa, kwa kuwa hakuna mahali pengine kingeweza kukaa. Jeshi liliwavua sare, daktari. Nani aliwaamuru waendelee?

Dr Mbishi

Nimenyoosha mikono juu. Ila nusu tu. Bado nasema kuna waliopitia hayo na wakaja kuchukiana.

Sista Mstaafu

Wapo, tena bila shaka. Na bado ndiye ungempigia simu.

Kalamu Nyeusi

Shikamoo mama. Swali la uchokozi kidogo: kati ya hao 13 kulikuwa na mweusi hata mmoja?

Sista Mstaafu

Marahaba. Hapana, wote weupe. Na hiyo haikuwa bahati mbaya. Jeshi la Marekani mwaka 1941 liliweka kikomo: wauguzi weusi 56 tu nchi nzima. Wako maelfu wenye vyeti, wanaandika barua wakiomba kwenda, jeshi linalia halina wauguzi, na bado mlango umefungwa. Mgawo huo uliondolewa Januari 1945, vita vinakaribia kwisha. Mpaka mwisho wauguzi weusi waliotumikia walikuwa kama 500 hivi, jeshi lote. Kwa hiyo tukisimulia undugu wa hawa tukumbuke kwamba kuna wengine walionyimwa hata nafasi ya kupotea pamoja.

mama_wawili

Mama hapo umenigusa. Na hao waliokuwa peke yao je? Maana umesema kila ndege muuguzi mmoja. Urafiki utoke wapi ukiwa angani na sajini?

Sista Mstaafu

Mwanangu umeuliza kiuuguzi kabisa. Urafiki ulikuwa kambini, kwenye hema, kumsubiri ambaye ndege yake imechelewa. Angani ulikuwa peke yako.

Nitataja wawili. Wa kwanza Mary Louise Hawkins, Septemba 1944, kule Pasifiki. Ndege ina wagonjwa 24, mafuta yanaisha, wanatua kwa nguvu kisiwa cha Bellona. Pangaboi likachana ubavu wa ndege na kumkata mgonjwa mmoja koo la hewa. Damu inaingia kwenye mapafu, mtu anazama nchi kavu. Mashine ya kunyonya hakuna. Hawkins akachukua bomba la sindano, mpira wa enema, na ule mpira wa kupulizia kwenye jaketi la kuokolea maisha, akaunganisha. Akamnyonya damu kooni saa 19, mpaka msaada ulipofika. Wagonjwa wote wakapona safari hiyo. Mimi nimewahi kukaa na mashine ya kunyonya iliyoharibika katikati ya usiku, nikavuta kwa bomba la sindano dakika arobaini mpaka mwenzangu alipokuja mbio na nyingine kutoka wodi ya watoto. Dakika arobaini vidole viliota malengelenge. Saa kumi na tisa siwezi hata kuzifikiria.

Wa pili Reba Whittle. Ndege yake ilitunguliwa tarehe 27 Septemba 1944 karibu na Aachen, akatekwa na Wajerumani. Hawakujua wamweke wapi, hawakuwa na kambi ya mateka wanawake wa Kimarekani, yeye alikuwa peke yake. Wakamweka hospitali ya mateka, akawauguza wafungwa wenzake, wanaume wote, mpaka alipoachiwa Januari 1945. Akarudi nyumbani, na serikali yake haikumtambua kama mateka wa vita. Akadai, wakamzungusha. Alifariki mwaka 1981. Kutambuliwa kulikuja 1983.

Wale wa Albania walikuwa na shahidi. Ukisema "tulipita mlima ule", wako tisa wa kusema ndiyo, tulipita. Whittle hakuwa na muuguzi hata mmoja wa kusema "nilikuwepo".

Mjukuu wa Burma

Sista, nimempigia simu shangazi usiku huu. Amesema babu alitolewa Burma kwa ndege mguu umeoza, na alikuwa akisema kulikuwa na "mama mmoja wa Kizungu aliyenishika mkono akawa anaongea na saa yake". Siku zote walidhani ni homa ilikuwa inamsemesha. Nimesoma pale ulipohesabu mapigo kwa vidole nikasimama kitandani.

Sista Mstaafu

Alikuwa anahesabu, baba. Mpaka sitini.

Mwambie shangazi yako namsalimu.

Kinyozi wa Kona

Mama mimi nimemaliza kunyoa, nimefunga duka, nimesoma tena toka juu. Lakini kwa mtu anayesisitiza kuhesabu, umetutajia majina ya wachache tu. Wengine wako wapi?

Sista Mstaafu

Umenishika, na una haki. Nimekabidhi zamu bila kupita vitanda vyote. Haya, tuanze upya na kalamu mkononi.

Gertrude Dawson. Agnes Jensen. Pauleen Kanable. Ann Kopsco. Ann Markowitz. Frances Nelson. Eugenie Rutkowski. Elna Schwant. Lillian Tacina. Lois Watson. Hao kumi ni wa boti ya Januari.

Wilma Lytle. Ava Maness. Helen Porter. Hao ni wa Machi.

Hesabu, halafu uniambie kama wametimia.

Kinyozi wa Kona

Kumi na tatu, mama. Wametimia.